Asiyeona tangu kuzaliwa huota nini? Na nyie wa lugha mbili tatu, ndoto zenu zinaongea lugha gani?

#1 Fundi Saa

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa tunapanda naye daladala asubuhi kutoka Mbagala. Ni mpokea simu kwenye ofisi moja mjini na haoni tangu kuzaliwa. Juzi tumekaa siti moja, kaniambia kama utani: "Usiku nimemuota marehemu mama, kakaa kibarazani anachambua mchele." Nikaitikia "ee, pole," lakini kuanzia Mtongani mpaka tunashuka kichwa kilikuwa hakitulii. Kamuonaje? Kajuaje kama ni mchele na si choroko? Nikaona haya kumuuliza.

Swali la pili limezaliwa nyumbani kwangu. Mke wangu ni Mhaya, mwaka wa tisa huu tunaongea Kiswahili tu. Usiku akiweweseka ni Kihaya mwanzo mwisho. Siambulii hata neno.

Wajuzi karibuni.

#2 Jogoo la Shamba

Wasiwasi wako ni huo wa pili, mambo ya daladala umetuzungusha tu. Jifunze Kihaya mkuu. Nimekaa pale nasubiri.

#3 Bwana Chenji

Ndoto ni picha. Mchana macho yanaweka akiba, usiku ubongo unatoa. Asiyeweka atatoa nini? Huyo jamaa kasikia watu wakisema "nimeota" na yeye akajifunza kusema hivyo. Kakupa chai, na umeinywa bila kitafunwa.

#4 Kobe Mstaafu

Bwana Chenji, punguza kasi. Nimefundisha watoto wasioona miaka 22, sehemu kubwa ya hiyo nikiwa mlezi wa bweni. Kengele ya alfajiri ikilia, kitu cha kwanza unachosikia ni watoto wanasimuliana ndoto. Wanaota, tena wanaota kwa fujo.

Ila mada imeanza kwa kuchanganya watu. Mkisema "kipofu" mnatia kapu moja aliyezaliwa haoni, aliyepofushwa na surua au upungufu wa vitamini A akiwa na miaka 3, aliyeharibiwa na trakoma kidogo kidogo, na mzee wa mtoto wa jicho au presha ya macho ambaye ameona dunia miaka 60. Hao hawawezi kuota sawa. Mwaka 1888 Mmarekani mmoja, Joseph Jastrow, aliwahoji wasioona wengi juu ya jambo hilihili. Akakuta mpaka uko kati ya miaka 5 na 7. Waliopoteza kuona kabla ya 5 hawakuwa na picha ndotoni, waliopoteza baada ya 7 walikuwa nazo, na wa katikati wengine hivi wengine vile. Waliofanya utafiti baada yake kwa miaka zaidi ya 100 wameuchezea mpaka huo pembeni pembeni tu, hawajauvunja.

Darasani kwangu ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa na mtoto aliyepoteza macho akiwa na miaka 6. Kila ndoto yake ilikuwa na basi jekundu. Basi lilelile.

#5 Binti Karafuu

Ahsante mwalimu. Sasa hao wasio na picha, ndoto yao ina nini ndani?

#6 Simu Inasema

Habari zenu. Simu imenisomea uzi wote, nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta.

Mimi ni wa hao. Sijawahi kuona, na wala siishi gizani kama mnavyodhani. Kisogo chako sasa hivi kinaona nini? Hakioni weusi, hakioni kitu. Basi.

Ndoto zangu zina mahali. Hilo ndilo la kwanza, najua nipo wapi. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye veranda ya shule niliyosoma. Sakafu ya saruji ya baridi, kulia kuna ukuta kwa sababu hatua zangu zinarudi, kushoto wazi kwa sababu upepo unapita. Mvua ikaanza juu ya mabati na ukuta ukapotea. Mvua kubwa juu ya bati kwa mtu kama mimi ni kama ukungu mzito kwa dereva, inafuta kila kitu. Nikapapasa fimbo yangu, nikaikuta imekuwa mpini wa jembe. Nikaamka mikono imekakamaa.

Watu wanakuja na sauti yao, kiganja chao, sabuni yao. Marehemu babu hutangulia harufu ya ugoro kabla hajasema neno.

Fundi Saa, kuhusu mchele: mchele kwenye ungo unalia kivyake na choroko zinalia kivyake. Kaa karibu na mama yako siku moja ufumbe macho.

#7 Bwana Chenji

Kama huoni umeandikaje humu na nukta na mkato umeweka? Chai ya pili hii, na ya tangawizi.

#8 Simu Inasema

Simu inanisomea kila herufi ninapogusa kioo, naandika, inarudia, natuma. Shuleni nilianza na mashine ya nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa kidole, vitufe 6 tu vya nukta. Nukta na mkato nimejifunza darasa la pili. Wewe unayeona, kwenye #3 umeandika "ndoto ni picha" ukasahau kwamba mwenzio hajawahi kuwa na picha na bado kanusurika kuangukia mtaro kila usiku.

#9 Jogoo la Shamba

Bwana Chenji, leo umerudishiwa chenji kamili.

#10 Dirisha la Nyuma

Ngoja niingie mimi wa kundi lingine. Macho yangu yaliugua nikiwa darasa la tano, nikayapoteza yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Sasa nina miaka 41.

Ndotoni naona. Rangi, sura, kila kitu. Ila dunia yangu ya ndoto imesimama siku ile. Mama ninayemuota ana miaka kama 32, amejifunga kitenge cha njano na kijani. Mama mwenyewe ana wajukuu 7 na sauti yake imechoka. Akinipigia simu baada ya ndoto, kwa sekunde mbili tatu huwa kama naongea na mgeni.

Mke wangu nilimjua baada ya kupofuka. Ndotoni yupo, najua ni yeye, lakini uso hauji. Wakati fulani ubongo unaniazimia, unamvisha uso wa mwalimu wangu wa darasa la pili. Nilimwambia mke wangu. Hakufurahi.

Na kitu ambacho sijui mwalimu Kobe atakielezaje: picha zinapungua. Miaka ya mwanzo kila ndoto ilikuwa angavu. Sasa ndoto nyingi ni sauti, na picha huja kama mgeni wa sikukuu.

#11 Kobe Mstaafu

Dirisha, hilo limeandikwa na wengi. Kadiri miaka ya kutoona inavyoongezeka, ndivyo kuona ndotoni kunavyofifia kwa walio wengi, si kwa wote. Nilikuwa na mwenzangu kazini, amepofuka miaka 30, bado aliota magari kwa modeli zake.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walikusanya ndoto 372 za watu wazima wasioona 15. Wale wa tangu kuzaliwa au utotoni hawakutaja kuona popote kwa maana ya macho, na kugusa, kunusa na kuonja kulijaa kuliko kwa watu wanaoona. Nasisitiza "kwa maana ya macho", maana hao watu walikuwa wakisema "niliona" kama sisi.

#12 Mzee wa Kahawa

Kobe kafika kwenye kokwa na akaliacha.

Tatizo letu ni neno. Mswahili anaona kila kitu: naona njaa, naona baridi, naona haya, naona uchungu, tutaonana. Fundi Saa mwenyewe kwenye #1 kasema "nikaona haya". Aliiona haya kwa macho? Ilikuwa rangi gani? Halafu upande wa pili tunasikia harufu, tunasikia maumivu, tunasikia usingizi. Sasa asiyeona akikwambia "nimemuona mama ndotoni" unamkamata kwa kosa gani? Kasema Kiswahili safi.

Na angalieni, sisi hatusemi "kuona ndoto". Tunaota. Kitenzi kimejitosheleza, hakidai macho. Waganda wanasema kuloota, Wanyarwanda kurota, mzizi ni uleule wa mababu. Nadhani babu zetu walilijua jambo hili kabla ya Jastrow.

#13 Ndimu Kavu

Kuota ndoto, kuota jua, kuota moto, kuota mvi. Mzee kwa hesabu hiyo mahindi yangu pia yanaota. Usituletee Kiswahili cha kutupofusha.

#14 Mpemba wa Ruwi

Assalamu alaykum. Niko Muscat, ila kitovu kimezikwa Wete.

Mzee wa Kahawa, Waarabu wao wanasema kabisa "nimeona usingizini", na ndiyo maana suala hili liliwasumbua mapema. Khalil al-Safadi, aliyefariki 1363, aliandika kitabu kizima cha wasifu wa watu mashuhuri wasioona, na mwanzoni akauliza: je, asiyeona huona usingizini? Jibu lake ni kwamba aliyepofuka baada ya kuvitambua vitu huona, aliyezaliwa haoni haoni. Soma sasa #4 tena. Jastrow alikuja miaka zaidi ya 500 baadaye akaongeza namba.

Na mshairi al-Ma'arri alipofuka na ndui akiwa na miaka kama 4. Inasimuliwa kuwa alisema hakumbuki rangi ila nyekundu, kwa sababu alivishwa nguo nyekundu alipokuwa mgonjwa. Basi jekundu la mtoto wa Kobe limenikumbusha yeye.

Swali la pili la mleta mada: nyanya yangu alitoka Unguja 1964, kaishi Oman miaka mingi kuliko Unguja, sokoni anabishana kwa Kiarabu. Akiota, anaota Kiswahili, tena cha mitaa ya Ng'ambo ya zamani, hukohuko Unguja. Watoto wangu wanamjibu Kiarabu mchana na yeye anawagombeza Kiswahili usingizini.

#15 Mjukuu wa Bugabo

Fundi Saa, andika hapa hata neno moja analolisema shemeji. Tutatafsiri kwa siri kubwa mbele ya watu wote.

#16 Fundi Saa

Analolirudia sana ni kama "embuzi". Embuzi, embuzi, halafu anafoka.

#17 Mjukuu wa Bugabo

Mbuzi! Shemeji anafukuza mbuzi shambani, wameingia kwenye migomba. Miaka tisa umekosa usingizi kwa ajili ya mbuzi.

#18 Jogoo la Shamba

Na kama mbuzi ni jina la mtu?

#19 Theluji ya Minnesota

Mimi ni Mkenya, muuguzi huku Marekani. Nakataa kidogo hoja ya "lugha ya utotoni ndiyo ya ndoto". Zamu yangu ya usiku ikiwa mbaya, ndoto yote ni Kiingereza: mashine zinalia, mgonjwa anaita, mimi najibu kwa Kiingereza cha hospitali. Nikiota nyumbani Nyeri, Kikuyu. Nikiota Nairobi, Kiswahili chetu kile kilichochanganyika na kila kitu. Lugha inafuata mahali na watu, kama mchana tu.

Mwaka wa kwanza huku sikuota Kiingereza kabisa. Siku ya kwanza nilipoota, nilimpigia dada simu kama mtu aliyepata makaratasi. Kuna utafiti wa Kanada wa Joseph De Koninck na wenzake, wanafunzi wa Kiingereza kwenye kozi nzito ya Kifaransa ya wiki 6. Waliopiga hatua haraka ndio waliotangulia kuota Kifaransa, na usingizi wao wa macho-kuchezacheza, ule wenye ndoto nyingi, uliongezeka. Kipi kinavuta kingine, ndoto inakufundisha au unaota kwa sababu umeshajua, hapo mjadiliane.

#20 Mwana wa Rungwe

Theluji, eleza hili basi. Bibi yangu hakujua Kiswahili, alikufa akijua Kinyakyusa tu, na "karibu" ya kuwaambia wageni. Nimesoma Ujerumani miaka minne. Mwaka wa tatu nikamuota bibi yuko jikoni kwake anapuliza moto, kageuka akaniuliza kwa Kijerumani, tena sanifu, kama nimekula. Na mimi nikamjibu bila kushangaa! Mahali ni Rungwe, mtu ni wa Rungwe. Lugha ilifuata nini?

#21 Binti Karafuu

Huyo bibi amepata viza kabla yangu.

#22 Theluji ya Minnesota

Hapo nimekwama. Labda ilifuata wewe.

#23 Mkimbia Basi

Hakuna lugha ndotoni wakuu. Ndoto ni maana tupu, ukiamka ndipo unaipaka lugha unaposimulia. Bibi hakusema Kijerumani, wewe ulimsimulia mwenzako wa bwenini kwa Kijerumani, kumbukumbu ikaganda hivyo.

#24 Mwana wa Rungwe

Sikumsimulia mtu. Niliamka nimelia.

#25 Lulu ya Bukavu

Jambo wote. Mkimbia Basi, na wanaosema kwa sauti wamelala je? Mume wa Fundi Saa, samahani, MKE wa Fundi Saa hajaamka akapaka Kihaya. Kinatoka kinywani usingizi ukiendelea.

Mimi nina Mashi, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala kidogo. Naota hesabu za duka kwa Kifaransa, kwa sababu shuleni nilihesabu hivyo. Ugomvi naota kwa Kiswahili. Mashi huja nikiwa mtoto ndotoni, kimo changu kinakuwa kidogo na lugha inarudi. Hata mbwa wa jirani alinisemesha Mashi. Na ya Mzee wa Kahawa nimeipenda: Kifaransa wao "wanafanya" ndoto, kama kazi ya ofisi.

#26 Kidole cha Mwisho

Ongezeni ya viziwi. Mdogo wangu hasikii tangu kuzaliwa, lugha yake ni ya alama. Tukiwa wadogo tulilala kitanda kimoja na usiku mikono yake ilikuwa inasema. Si kurusharusha, maneno kabisa, nusunusu, kama mtu anayenong'ona. Nilikuwa nasoma ndoto zake. Siku moja alisema "samaki" mara nyingi, asubuhi nikamuuliza samaki wa nini, akanitazama kama mchawi.

#27 Simu Inasema

Kidole, hiyo nimeirudia mara tatu. Mimi vidole vyangu husoma nukta nundu ndotoni, ila herufi hazitulii. Nikirudi mwanzo wa mstari unakuta umebadilika.

#28 Dirisha la Nyuma

Mimi zile nilizoziona ubaoni nazo ni hivyohivyo. Hazisomeki mara mbili.

#29 Ndimu Kavu

Mimi naona vizuri na gazeti la ndotoni sijawahi kulimaliza. Tuko chama kimoja.

#30 Bwana Chenji

Nimesoma, nimenyamaza, narudi na hoja. Usingizi wa ndoto unatambulika kwa macho kuchezacheza chini ya kope, si ndiyo? Macho yanafuata picha. Asiye na picha, macho yake yanafuata nini? Na ndoto zenyewe ni za sekunde chache tu kabla ya kuamka, hizo hadithi ndefu mnazitunga mezani.

#31 Theluji ya Minnesota

La sekunde si kweli. Aserinsky na Kleitman waligundua usingizi huo Chicago, 1953. Unarudi kila dakika 90 hivi, mara 4 au 5 kwa usiku, na wa alfajiri ndio mrefu, nusu saa na zaidi. Kwa mtu mzima ni kama robo ya usiku. Na watu wakiamshwa nje ya usingizi huo pia husimulia ndoto, chache na fupifupi.

La macho ni swali zuri kwa mara ya kwanza tangu uingie. Kwa waliozaliwa hawaoni, kuchezacheza huko mara nyingi ni kudogo au dhaifu, na vipimo vya watafiti havikubaliani. Lakini usingizi wenyewe wanao: ubongo umechangamka, misuli imelegea, na ukiwaamsha hapo wanasimulia. Kwa hiyo macho kutikisika si lazima yawe yanafuata sinema.

Halafu asiyepata mwanga kabisa machoni ana shida nyingine isiyozungumzwa. Saa ya mwili inazidi saa 24 kidogo na inarekebishwa na mwanga. Bila mwanga inateleza kila siku, wiki hii usingizi unakuja saa tano usiku, baada ya muda unakuja saa nane mchana. Watu wanamwita mvivu.

#32 Simu Inasema

Nimeitwa. Na mwajiri, kwa maandishi.

#33 Kobe Mstaafu

Na kuna jinamizi. Denmark mwaka 2014 walifuatilia ndoto za watu 50 kwa wiki kadhaa. Waliozaliwa hawaoni, ndoto za jinamizi zilikuwa asilimia 25 ya ndoto zao. Wanaoona asilimia 6, waliopofuka ukubwani 7. Watafiti wenyewe walidhani ni hatari za mchana zinazorudi usiku: kugongwa, kuanguka, kuaibika mbele ya watu.

#34 Simu Inasema

Siwezi kubishana nao. Orodha yangu: mtaro ulioondolewa mfuniko, bodaboda inayopita juu ya njia ya waenda kwa miguu, na kuongea peke yangu dakika kumi nikidhani mtu bado yuko. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na mchana hutokea kweli.

#35 Mpemba wa Ruwi

Jinamizi la kukabwa mwenye kuona huona kivuli. Mnakumbuka 1995, Popobawa, yule shetani wa kukaba watu usiku, Pemba na Unguja watu wanalala nje makundi makundi? Asiyeona angekabwa na nini?

#36 Simu Inasema

Uzito. Na pumzi ya mtu isiyo na mtu.

#37 Binti Karafuu

Nimewasha taa.

#38 Mtumishi Kijana

Mmezunguka sana. Roho haina upofu. Mwili ukilala roho inatembea na inaona kila kitu, ndiyo maana huyo ndugu wa daladala alimuona mama. Hata bibi wa Rungwe, roho hazina mipaka ya lugha.

#39 Dirisha la Nyuma

Kwa heshima mtumishi: kama roho yangu inatembea na inaona, kwa nini haijaniletea sura ya mke wangu? Analala hapohapo pembeni, si safari ndefu.

#40 Mtumishi Kijana

Nitalijibu kwa faragha.

#41 Ndimu Kavu

Kuna Wareno wa Lisbon mwaka 2003 waliwapa watu wasioona tangu kuzaliwa karatasi wachore walichoota. Wakachora! Jua, mti, watu, hawakuwa nyuma ya wanaoona. Wakapima na mawimbi ya ubongo, wakasema kuna dalili za picha. Kwa hiyo huenda Mtumishi na Bwana Chenji wote wamekosea kwa pande tofauti: picha ipo hata bila macho.

#42 Kobe Mstaafu

Ulileta makaa nami nilitaka kulala. Wanafunzi wangu nao walichora nyumba na mtu. Nyumba waliijua kwa kuipapasa na kwa mfano wa udongo, kichwa juu na miguu chini wanaijua kwa miili yao. Kuchora hakuthibitishi picha. Mawimbi nayo yalipingwa na wengi. Sisemi hakuna kitu: sehemu ya ubongo ya kuona kwa asiyeona hailali njaa, inafanya kazi akisoma nukta nundu kwa kidole. Usiku inafanya nini, na tuite "kuona" au tutafute neno, Mzee wa Kahawa atuambie.

#43 Mzee wa Kahawa

Nimeshasema. Kuota.

#44 Mkimbia Basi

Nje ya mada kidogo: nyie mnaota kwa rangi? Baba yangu anasema za kwake ni nyeusi na nyeupe. Nimesoma utafiti wa Dundee, Uskochi, wa 2008, wazee waliokua na televisheni isiyo na rangi, kama robo ya ndoto zao haina rangi. Vijana karibu hawanazo.

#45 Mpemba wa Ruwi

Mzanzibari hatakuelewa. TVZ ilianza miaka ya 70 na rangi zake kabisa, Bara mkasubiri hadi 1994. Sisi tumeota kwa rangi mapema.

#46 Jogoo la Shamba

Na hapo kabla ya televisheni baba zetu waliota redio?

#47 Simu Inasema

Mimi mpaka leo. Na mpira ndotoni una mtangazaji. Timu yangu ikifunga nasikia "gooo" kabla sijajua nani kapiga.

#48 Fundi Saa

Wakuu nimerudi. Nimejikaza leo, nimemuuliza jamaa. Nimemsomea #6 ya Simu Inasema, ya ungo na choroko.

Kacheka, kasema huyo ndugu anajua mambo, ila yeye haikuwa hivyo. Kasema kwenye ile ndoto hakukuwa na sauti yoyote. Ungo haukulia, mama hakusema, kibaraza hakikuwa na upepo. Alijua tu kwamba ni mama, na kwamba anachambua mchele, na kwamba wali ni wa sikukuu. Nikamuuliza ulijuaje. Akanyamaza mpaka tunakaribia Bandari, kisha akaniuliza: "Wewe unaota unanusa?" Nimefikiri, sikumbuki. Akasema, "Hata harufu ya mama yako?" Tukashuka.

#49 Simu Inasema

Zipo hata kwangu za hivyo, chache. Sikuziandika kwa sababu sikujua niziandikeje.

#50 Kobe Mstaafu

Miaka 22 sikuwahi kuwauliza watoto kama kuna ndoto isiyo na sauti. Niliuliza "ulisikia nini".

#51 Dirisha la Nyuma

Mke wangu ndotoni ni huyo. Namjua tu.

#52 Bwana Chenji

Sibishani leo. Nimelala mchana nikaota pilau, sufuria zima, nyama imekaa juu. Nimeamka nikajaribu kukumbuka harufu yake. Hakuna. Nimeota miaka 38 vyakula visivyonuka na sikuwahi kugundua.

#53 Ndimu Kavu

Ndoto za Alinacha hizo, wenzio tunaota na kachumbari.

#54 Jogoo la Shamba

Fundi Saa, na mbuzi wa shemeji?

#55 Fundi Saa

Bado hawajatoka kwenye migomba. Jana usiku kaongeza "ente". Mjukuu wa Bugabo, njoo.

#56 Mjukuu wa Bugabo

Ng'ombe mkuu. Lala, shamba linakua.